Kubadilisha bushi za springi za nyuma kwenye Coaster iliyogeuzwa nyumba

Basi la abiria hupumzika. Usiku abiria wameshuka, mizigo imeshushwa, springi zimenyanyuka kidogo, na raba zilizomo kwenye ncha zake, yaani bushi, zinapata nafuu hadi alfajiri. Coaster iliyogeuzwa nyumba haipati nafuu hiyo. Kitanda, kabati, jiko, friji, betri za sola, tangi la maji na mtungi wa gesi vimo humo usiku na mchana. Mara nyingi vimelemea upande mmoja, kwa sababu aliyepanga vyumba alifikiria mlango na dirisha, hakufikiria springi. Ndiyo maana bushi za gari la namna hii huchakaa kwa namna yake, na ukizifunga kama unavyofunga za daladala hazidumu. Mwongozo huu ni wa mwenye gari anayetaka kuifanya kazi mwenyewe akiwa na msaidizi mmoja, au anayetaka kusimama kando ya fundi akijua anachokitazama.

Nazungumzia Toyota Coaster zenye springi za majani nyuma, yaani vipande virefu vya chuma vilivyopangwa kimoja juu ya kingine, hasa za kizazi kilichouzwa tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990 hadi kizazi kipya kilipoingia sokoni Japani mwaka 2017. Ndizo zilizojaa kwenye barabara zetu, na ndizo hizo hizo ambazo watu wa Australia na New Zealand huzigeuza nyumba za safari zikishastaafu kubeba abiria. Zipo chache zenye mito ya hewa nyuma. Hizo zina utaratibu wake, na mwongozo huu hauzihusu.

Bushi inavyofanya kazi

Springi imekunjwa mviringo kwenye ncha zake mbili, ikapata jicho la mbele na jicho la nyuma. Jicho la mbele limeshikwa kwenye chasisi kwa pini au bolti nene. La nyuma limeshikwa na sheko, yaani vile vipande viwili vya chuma vinavyobembea, kwa sababu springi ikilemewa hunyooka na kurefuka, na lazima ipate pa kuendea. Ndani ya kila jicho, kati ya chuma na chuma, ndimo inamokaa bushi.

Zipo za aina mbili. Ya kwanza ni bushi nzima: raba iliyogandishwa kati ya mabomba mawili ya chuma. Bomba la nje limeshindiliwa ndani ya jicho kwa presi, na la ndani hubanwa na bolti. Ya pili ni raba za vipande viwili zinazoingizwa kwa mkono, kimoja kila upande wa jicho. Kwa kawaida ya kwanza hukaa mbele na ya pili hukaa kwenye sheko, lakini gari lililopita mikononi mwa mafundi wengi linaweza kuwa na mchanganyiko. Chungulia kwanza, ndipo uende dukani.

Kuna jambo moja ambalo kazi yote hii inalitegemea. Bushi nzima haizunguki. Bolti ikishakazwa, bomba la ndani halisogei tena, na springi inapopanda na kushuka ni raba yenyewe inayojipinda kisha kurudi. Kila bushi basi ina mahali pake pa kutulia, pale ambapo raba haijapinda upande wowote, na mahali hapo panawekwa siku unapokaza bolti. Ukikaza gari likiwa limening'inia kwenye stendi, raba inatulia ikiwa imening'inia. Ukilishusha chini, inapinda, na inabaki imepinda hata gari likiwa limeegeshwa tu. Kisha tuta na mashimo yanaipinda zaidi. Inachanika mapema, na mwenye gari anailaumu bushi kuwa ni feki.

Kwa daladala, kosa hili hupungua makali kwa kuwa uzito wake hupanda na kushuka siku nzima. Kwa nyumba ya magurudumu uzito haubadiliki, na kwa hiyo bushi lazima ikazwe gari likiwa na uzito ule ule linaoishi nao.

Hakikisha tatizo ni bushi

Nyuma inagonga ukivuka tuta. Gari linayumba lori likikupita kwa kasi, nawe unarekebisha usukani kila baada ya muda mfupi. Tairi za upande mmoja zinaliwa vibaya. Zote hizi ni dalili za bushi, lakini shokapu iliyokufa na raba zilizoisha za stabilaiza, ile fimbo ya chuma inayozuia gari kulala upande, hutoa dalili zinazofanana, kwa hiyo usinunue chochote kabla ya kupima.

Egesha mahali tambarare. Tazama kila jicho kwa tochi: unga mweusi kuzunguka bushi, raba iliyochomoza pembeni, au bomba la ndani lililokaa nje ya katikati ya jicho ni ushahidi wa kutosha. Kisha ingiza mtaimbo kati ya jicho na kikombe chake cha chasisi, yaani kishikio kinacholibeba, usukume. Raba nzima inakubali kidogo na kurudi. Iliyokufa inacheza bila upinzani hadi chuma kinagusa chuma.

Pima pia kwa tepu kutoka katikati ya pini ya mbele ya springi hadi katikati ya ekseli, upande wa kulia na wa kushoto. Tofauti ya milimita chache isikusumbue. Ikikaribia sentimita moja, ekseli imekaa mshazari: bushi imeliwa, au yubolti (bolti za umbo la U zinazoifunga springi kwenye ekseli) zimelegea, au senta bolti (ile inayopita katikati ya majani) imekatika. Senta bolti iliyokatika ni hatari kuliko bushi, nayo hairekebishwi kwa kubadilisha raba.

Sasa hivi, gari likiwa na mizigo yake yote na tangi limejaa, pima kimo kutoka juu ya ekseli hadi chini ya chasisi, kila upande, na uandike. Namba hizo mbili utazihitaji mwishoni.

Kununua

Usiende dukani na kusema "nipe bushi za Coaster". Nenda na namba ya chasisi, na ukiweza nenda na bushi ya zamani mkononi. Kariakoo na Gerezani kwa Dar es Salaam, au Kirinyaga Road kwa Nairobi, utapata bushi za bei tatu kwa kitu kinachoonekana kimoja. Pima kwa kalipa kipenyo cha bomba la nje, kipenyo cha ndani na urefu. Bomba la nje lenye tofauti hata ya nusu milimita litakataa kuingia, au litaingia kwa mkono, na bushi nzima inayoingia kwa mkono haifai. Tazama pia mahali raba inapokutana na chuma: pasiwe na mwanya wala gundi iliyomwagika.

Utauziwa pia za poliurethani, ngumu na za rangi nyekundu au njano. Zinadumu, na mafuta hayazili upesi. Lakini kwa nyumba mimi nachagua raba iliyo bora. Poliurethani hupitisha mtikisiko mwingi zaidi kwenye chasisi, na juu ya chasisi hiyo kuna kabati zilizoungwa kwa skrubu, mabomba ya maji na viungio vya gesi. Barabara ya changarawe yenye rasta, yaani mawimbi madogo madogo, kama ile ya kutoka Naabi kwenda Seronera huko Serengeti, hulegeza vitu hivyo vyenyewe bila kusaidiwa.

Nunua za pande zote mbili, mbele na sheko. Nunua yubolti mpya na nati zake pia. Yubolti ikishakazwa huvutika, na ukiifungua na kuirudisha haishiki kama mwanzo. Pini za sheko zilizochimbika zibadilishwe.

Vifaa

Jeki mbili za chupa za tani 10, stendi mbili zenye uwezo wa kubeba zaidi ya nusu ya uzito wa gari, vigingi vya magurudumu, soketi kubwa na bomba la kuongezea mkono, spana ya toki (inayopima nguvu ya kukazia), nyundo nzito, tindo, msumeno wa chuma, brashi ya waya, mafuta ya kulegeza kutu, na sabuni ya maji. Kwa kushindilia bushi, presi ni bora. Usipokuwa nayo, tumia bolti ndefu nene yenye uzi mwembamba, washa nene na vipande viwili vya bomba, au ipeleke springi kwenye karakana yenye presi. Wanafanya kwa dakika chache.

Siku moja kabla

Piga brashi nati zote na uzimwagie mafuta ya kulegeza kutu asubuhi, mchana na jioni. Gari lililokaa Tanga, Bagamoyo au Mombasa litahitaji siku mbili, maana chumvi ya pwani hushonanisha pini na bomba la ndani kana kwamba zimechomelewa.

Bushi mpya nzima ziweke kwenye friza usiku kucha. Chuma kikipoa hunywea kidogo, na hicho kidogo kinasaidia sana wakati wa kushindilia.

Kuinua

Hapa usiwe na haraka. Gari hili ni refu kwenda juu, uzito wake mwingine uko juu ya madirisha, na vitu vya ndani vinaweza kuhama.

Mwaga maji. Kila lita ni kilo moja, na tangi la lita 150 linaloyumba ndani ya gari lililo kwenye jeki ni mtu wa tatu usiyeweza kumwamrisha. Toa mtungi wa gesi nje kabisa. Funga kabati na droo, na hakikisha hakuna mtu wala mtoto aliyelala ndani. Egesha kwenye zege, si kwenye udongo. Weka vigingi mbele na nyuma ya magurudumu ya mbele, kwa sababu breki ya mkono haitakusaidia ukishainua nyuma.

Legeza nati za magurudumu kidogo kabla ya kuinua. Magari mengi ya Kijapani yenye matairi pacha nyuma yana uzi wa kinyume upande wa kushoto. Tazama ncha ya stadi, ile bolti inayoshika gurudumu: ikiwa na herufi L, nati inafunguka kwa kuzungushwa kama unakaza. Wengi wamekata stadi hapo kwa kuongeza nguvu badala ya kugeuza mkono.

Weka jeki chini ya ekseli karibu na springi, inua upande mmoja kidogo, kisha wa pili, hadi stendi ziingie chini ya chasisi mbele ya vikombe vya mbele vya springi. Teremsha taratibu chasisi ikae kwenye stendi. Tofali za saruji zenye matundu zisikaribie kazi hii. Hupasuka ghafla, bila mlio wa kukuonya. Sukuma gari kwa bega kabla hujaingia chini. Likitikisika kwenye stendi, anza upya.

Kutoa springi

Fanya upande mmoja tu kwa wakati. Springi ya upande wa pili ndiyo inayoshikilia ekseli isiondoke mahali pake.

Toa magurudumu. Fungua shokapu chini na kiungo cha stabilaiza. Angalia bomba la breki, kebo ya breki ya mkono na waya wowote unaokwenda kwenye ekseli, visivutike ekseli ikishuka. Kama lipo fimbo linalounganisha ekseli na valvu ya breki inayosoma uzito, weka alama ya rangi mahali lilipofungwa kabla ya kulifungua.

Jeki ibaki chini ya ekseli, na uipandishe au kuishusha hadi springi isiwe inasukuma wala kuvutwa. Utajua umefika pale pini ya sheko inapokubali kusogea kwa nyundo ndogo. Pini inayohitaji nyundo nzito bado imebeba uzito, na ikichomoka springi itaruka. Usiweke uso wala vidole kwenye mstari wa springi.

Fungua yubolti, kisha sheko, kisha pini ya mbele. Springi nzima ni nzito, itolewe na watu wawili. Usiguse senta bolti. Majani yabaki yamefungwa pamoja.

Pini ya mbele ikigoma, mafundi wengi hukimbilia gesi ya kuchomea. Kwenye basi tupu pengine. Kwenye gari hili, sentimita chache juu ya kikombe kuna sakafu ya mbao, sponji ya kuzuia joto na nyaya za betri, na moto huanzia ndani ambako huuoni. Kata pini kwa msumeno au grainda pande zote mbili za jicho. Msaidizi awe ndani akitazama sakafu, na ndoo ya maji iwe karibu. Pini mpya ni rahisi kuliko nyumba.

Kutoa bushi ya zamani

Raba za sheko hutoka kwa bisibisi. Bushi nzima ndiyo kazi.

Kwa presi: tafuta kipande cha bomba chenye kipenyo kidogo kuliko cha bushi kwa nywele tu, na usukume bomba la nje. Bila presi: toboa raba kwa drili kuzunguka hadi bomba la ndani litoke, kisha pitisha wembe wa msumeno ndani ya jicho na ukate bomba la nje kwa urefu wake. Simama kabla hujagusa jicho lenyewe. Mkwaruzo mmoja wa msumeno ndani ya jicho ndio mwanzo wa ufa, na jani kuu likikatika hapo ekseli inageuka barabarani. Bomba likishabaki nyembamba, likunje kwa tindo kuelekea ndani, litaachia. Kuchoma raba kwa moto kunafanya kazi pia, lakini moshi wake ni sumu, na joto kali hulegeza ugumu wa chuma cha springi. Sishauri.

Safisha jicho kwa msasa hadi ling'ae. Lipime kwa kalipa sehemu mbili au tatu. Jicho lililopanuka au kuwa yai halirekebishwi kwa kuzungushia bati, ingawa utaona watu wakifanya hivyo. Peleka springi kwa wauza springi wakubadilishie jani kuu. Wakati huo huo kagua majani mengine kwa nyufa, hasa karibu na senta bolti.

Kushindilia mpya

Toa bushi kwenye friza dakika ile ile unapohitaji. Paka maji ya sabuni nje yake, si grisi wala dizeli, kwa maana mafuta ya petroli huvimbisha na kuozesha raba ya asili. Ianze kwa kuisimamisha wima kabisa. Ikiingia mshazari itakwaruza jicho. Sukuma ukingo wa bomba la nje peke yake. Ukisukuma raba au bomba la ndani, umeing'oa gundi kabla gari halijatembea hata mita moja. Simama bushi inapolingana na jicho pande zote.

Raba za sheko zipake sabuni na uzisukume kwa mkono. Kola zake, yaani kingo zake pana, zikae nje ya jicho, kila upande wake.

Kurudisha

Rudisha springi juu ya ekseli, kichwa cha senta bolti kiingie kwenye tundu lake bila kulazimishwa. Pini ya mbele kwanza, kisha sheko, kisha yubolti mpya. Nati za pini na sheko zikaze kwa mkono tu, hadi ziguse. Yubolti zikaze nusu, kwa mshazari, uzi uchomoze sawa kwenye miguu yote minne. Rudisha shokapu, stabilaiza, fimbo la valvu kwenye alama yake, na magurudumu. Kisha fanya upande wa pili vivyo hivyo.

Raba za stabilaiza zilizobanwa kwa vikombe ni kazi ya muda mfupi. Zibadilishe ukiwa huko huko. Bushi za mbele, kwenye wishboni (mikono ya chuma inayoshika magurudumu ya mbele), ziache kwa siku nyingine, kwa sababu zinadai kupima upya mwelekeo wa magurudumu.

Kukaza gari likiwa na uzito wake

Shusha gari chini. Jaza tangi. Rudisha mtungi wa gesi, vyombo, godoro, vitabu, baiskeli ya nyuma, kila kinachosafiri nawe. Liendeshe mbele na nyuma mita chache kwenye tambarare, pole sana, springi zitulie. Kisha pima kimo cha ekseli na chasisi na ulinganishe na namba ulizoandika.

Zikikaribiana, ingia chini, magurudumu yakiwa ardhini na vigingi mahali pake, ukaze kwa spana ya toki: yubolti kwanza kwa mshazari na kwa awamu, kisha pini ya mbele, kisha sheko. Kipimo cha toki kichukue kwenye kitabu cha gari lako, kwa kuwa hutofautiana kati ya modeli na modeli. Ukiwa na shimo la gereji, kazi hii inakuwa nyepesi.

Kama huna maji ya kujaza tangi pale ulipo, weka mzigo wa uzito unaolingana juu ya mahali pa tangi, mifuko ya mchanga kwa mfano, hadi kimo kifikie namba zako. Upande mmoja ukiwa chini kuliko mwingine kwa sentimita mbili au zaidi hata ukiwa na bushi mpya, tatizo ni mpangilio wa nyumba au springi iliyochoka. Kuhamisha betri za sola kwenda upande wa pili hugharimu kidogo kuliko springi.

Endesha kilomita 10 au 20 taratibu, ukisikiliza. Rudi ukaze nati za magurudumu. Baada ya kilomita 500 kaza tena yubolti, gari likiwa limejaa kama kawaida. Pini na sheko zisifunguliwe. Zikague kwa macho, na upige mstari wa rangi kutoka kwenye nati hadi kwenye chuma, ili ukiinama tu kituo chochote cha mafuta uone kama imesogea.